Kwanza Mishipa, Halafu Nyama

Kaka yangu Khamus aliamua kufa usiku wa kwanza wa Pasaka yetu ya Kiyahudi, baada ya kijiko kimoja cha mchuzi. Sisemi kwamba aliugua. Angeugua ningejua la kufanya. Aliweka kijiko mezani, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ndio kwanza tunaingia, akasema, "Meisa amekufa," kisha akaenda kulala.

Meisa, mkewe, alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Tulikuwa tumemzika, tumekaa chini siku saba za matanga, tumekula mayai ya matanga waliyoleta majirani mpaka tukachoka kuyaona. Siku zote hizo Khamus hakutoa hata chozi. Alipanga viti, akaagizia wageni kahawa, akagombana na fundi wa jiwe la kaburi. Kumbe habari ilikuwa bado haijamfika. Ilimfikia kwenye msoki, mchuzi wetu wa Pasaka wa nyama ya kondoo na mboga kumi na tatu, na aliyeupika ni mimi. Meisa alikuwa akitia shamari nyingi. Mimi natia kidogo, kwa sababu nina akili zangu.

Watu wa hapa kijijini wanasema sababu ni yai. Ni kweli kwamba usiku ule, tulipozungusha sinia la Pasaka juu ya kichwa cha kila aliyeketi, kama sisi Wayahudi wa kisiwa cha Jerba tulivyozoea, nililibeba mimi badala ya Meisa, na yai lililokuwa juu ya sinia likamdondokea Khamus begani. Lakini alicheka. Kwa hiyo yai lisisingiziwe.

Asubuhi hakuamka. Nilimpelekea mkate wa Pasaka, ule mkavu usiotiwa chachu, na jibini, nikamkuta amelala chali, mikono kifuani, macho wazi.

"Kaka, amka ule."

"Maiti hali."

"Maiti hajibu pia."

Akafikiri kidogo, akafumba macho, akaacha kujibu. Nilisimama pale na sahani yangu kama mjinga.

Daktari alikuja Jumatano, akampima kila mahali. Akaniambia kaka yangu ana miaka themanini na moja na moyo wa punda. Nikamuuliza punda gani, wa kubeba mizigo au wa kugoma njiani. Akasema hilo halionekani kwenye mashine. Mtu asiyekula wala kunywa ipasavyo katika umri ule, akasema, anaweza kujimaliza kwa wiki mbili tu, bila ugonjwa wowote.

Sasa nieleze jambo moja, na nitalieleza mara moja tu. Sabato inayoangukia katikati ya Pasaka, sinagogi zote husoma ono la nabii Ezekieli, lile la bonde lililojaa mifupa mikavu, mifupa ikasogeleana, ikavikwa mwili, ikapuliziwa pumzi, ikasimama jeshi zima. Katika kijiji chetu msomaji ni Khamus. Alianza mwaka tulioshuka melini na kuletwa huku jangwani, katika Nchi ya Ahadi, watu mia na arubaini wa Jerba, tukatupwa mchangani na mahema na makopo ya dagaa. Walituahidi maziwa na asali. Khamus alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Alisimama ndani ya hema, akasoma aya kwa Kiebrania, na baada ya kila aya akaitafsiri kwa Kiarabu chetu cha nyumbani, kama baba alivyokuwa akifanya, maana wanawake na wazee wengi hawakujua Kiebrania. Alipofika pale mifupa inaposema tumaini letu limepotea, hema zima lililia. Alipofika pale Mungu anapoahidi kuwatoa watu makaburini na kuwarudisha katika nchi yao, bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Na huko anakoturudisha, kuna maji?" Hema zima likacheka. Mwaka uliofuata tulichimba kisima, na miaka kumi baadaye tulikuwa na machungwa na deni la matrekta. Kwa hiyo ukituuliza sisi kama mifupa mikavu huweza kuishi, tunakuambia ndiyo, lakini inalalamika sana.

Mara hamsini na mbili Khamus alisoma, na mara hamsini na mbili alitafsiri. Tafsiri ile haikuandikwa popote. Ilikuwa kinywani mwake, na kabla yake kinywani mwa baba. Vijana siku hizi hutoka nje inapoanza, wanasimama chini ya mkaratusi kupiga soga.

Basi Jumatano ile, daktari alipotoka, aliingia Pinhas Bitan, msimamizi wa sinagogi, mtu mwenye tumbo kubwa na daftari dogo.

"Khamus, ndugu yangu," akasema, "Sabato inakuja. Unasoma?"

"Mpe Eliyahu."

Pinhas alinitazama. Mimi nilimtazama Pinhas. Eliyahu Shamash ni mume wa Rahel, binti wa mama yetu mdogo. Alizaliwa Baghdad, akaendesha basi miaka thelathini, na koo lake bado linafoka kama anaamuru abiria wasogee nyuma. Amelitamani somo lile tangu alipooa kwetu. Yeye na kaka yangu hawajasalimiana vizuri tangu siku aliposema kwamba lahani ya Jerba, namna yetu ya kughani somo, inafanana na mtu anayeita mbuzi wake. Khamus angempa figo kabla ya kumpa somo la mifupa.

"Eliyahu yupi?" Pinhas akauliza.

"Dereva."

"Na tafsiri?"

"Nani anaihitaji? Mnajua Kiebrania nyote. Iacheni."

"Kwa kweli," Pinhas akasema huku akiandika, "tutamaliza mapema kidogo."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuyajua. Kisha nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, wiki hii huwezi kufa. Ni sikukuu. Hakuna hotuba za msiba wakati wa Pasaka. Utazikwa kimyakimya, hata sifa zako Pinhas hatazitaja."

"Afadhali. Pinhas anaongea sana."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Zohra, mdogo wangu, tunasali mara tatu kwa siku kwamba wafu watafufuka. Unaamini au huamini?"

"Naamini. Ila sijasikia kwamba watu wanapanga foleni mapema."

Akageukia ukutani. Nikaona shingo yake jinsi ilivyokonda kwa siku mbili tu, na nikaogopa. Nina miaka sabini na mitano. Sina mume, wanangu wako mjini, na kila asubuhi tangu mahema yalipoondolewa nimekunywa kahawa na mtu huyu na kugombana naye kuhusu sukari. Sikutaka jingine lolote duniani ila aamke tugombane.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Eliyahu. Nilimkuta uani amevaa fulana, anapasua lozi.

"Shemeji," nikasema, "wamekupa mifupa."

Akaweka nyundo chini polepole. "Khamus amekufa?"

"Bado. Anajaribu. Nataka uende ukajifunze somo chini ya dirisha lake. Kwa lahani yako ya Baghdad. Kwa sauti yote."

"Ili asikie raha?"

"Ili asikie vibaya. Ainuke akupige."

Eliyahu alicheka mpaka lozi zikamwagika. Kisha akawa makini. "Dada Zohra, nitakuja. Lakini akiinuka, simrudishii. Nimengoja miaka thelathini na mitano. Hata nabii Eliya mwenyewe akiingia mlangoni Sabato asubuhi, atakaa kitini asubiri."

"Akiinuka, mtajuana."

Alhamisi alfajiri alikuja, akasimama kwenye kinjia kati ya nyumba ya Khamus na sinagogi. Kinjia kile ni cha hatua kumi na mbili. Dirisha la chumba cha kaka yangu linatazamana na madirisha ya roshani ya sinagogi, huko juu tunakosali sisi wanawake. Meisa alipokuwa mgonjwa, Sabato alikuwa akisali kutoka kitandani, na Amina yake ilitufikia kabla hatujasema yetu. Basi Eliyahu alisafisha koo, akaanza. Kuku walikimbia. Mbwa wa Pinhas alijibu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kitanda na soksi ninayoitengeneza, ninamwangalia kaka yangu kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Aya ya kwanza, kimya. Ya pili, akakunja uso. Ya tatu, akafungua kinywa.

"Ana sauti nzuri," akasema. "Mwambie anywe kitu cha moto."

Niliangusha soksi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kaka yangu anakufa kweli. Nilitoka nje, nikamwambia Eliyahu aende nyumbani, nikajifungia jikoni kwa Meisa nikalia, nikiwa nimeshika ufagio ili mtu akiingia aone nafagia.

Ijumaa alikunywa chai nusu kikombe. Sabato asubuhi aliniambia niende kusali, yeye yuko salama. Nikafungua dirisha lake, maana joto la jangwani lilikuwa limeanza, nikaenda.

Roshani ilijaa. Kila mwanamke aliniuliza hali yake na kila mmoja akanishauri mchuzi. Rahel, mke wa Eliyahu, alikaa kando yangu akijipepea, nusu anaona aibu, nusu anaona fahari.

"Shoga, usinichukie leo," akaninong'oneza.

"Nitakuchukia kesho. Leo nina shughuli."

Chini, Eliyahu alipanda mahali pa kusomea. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alisema baraka, nasi tukaitikia. Kisha akaanza, na lazima nikiri, kwa sababu uongo siku ya Sabato ni dhambi mara mbili, kwamba alisoma vizuri. Lile koo la basi lilikuwa limetulia. Aliogopa, na hofu ilimfaa.

Alisoma mfululizo, bila kupumua kati ya aya, jinsi nabii alivyochukuliwa akawekwa bondeni, na jinsi mifupa ilivyokuwa mingi, tena mikavu sana. Akafika kwenye swali: Mwanadamu, je, mifupa hii itaishi? Akasoma jibu la nabii, kwamba wewe Bwana ndiwe ujuaye. Akavuta pumzi aendelee.

Akashindwa. Sinagogi zima lilikuwa limenyamaza, linangoja. Hakuna aliyepanga. Miaka hamsini na miwili watu walizoea kwamba msomaji akipumua baada ya aya, inakuja tafsiri, na masikio yalisimama kuingoja kama ng'ombe wanaposimama kwenye lango lao saa ya kukamuliwa. Hata vijana waliokuwa chini ya mkaratusi waliacha soga, wakachungulia mlangoni. Eliyahu alitazama kushoto, akatazama kulia. Pinhas alimfanyia ishara ya mkono: endelea, endelea.

Nami nikafungua kinywa. Sikukusudia. Niliona tu kwamba kimya kile kilikuwa cha kaka yangu, na kwamba wangekizoea pia, mwakani kingekuwa kifupi, na mwaka wa tatu kisingekuwepo. Nikasema kwa Kiarabu chetu, kwa lahani ile ya kuitia mbuzi: "Akaniambia, ewe mwana wa Adamu, mifupa hii, itaishi? Nikasema, ee Mola, wewe unajua, mimi nitajuaje?"

Pinhas aligonga meza. "Kimya huko juu!"

"Kimya wewe huko chini," akasema Rahel, ambaye hata harusini kwake hakuwahi kupaza sauti.

Eliyahu alinyanyua macho akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. Akainama, akasoma aya inayofuata. Akangoja. Safari hii haikuwa sauti yangu tu. Ilikuwa roshani nzima, vikongwe kwa wakwe zao, wanawake thelathini na zaidi. Tafsiri ile tulikuwa tukitafsiriwa sisi. Wanaume waliisikiliza kwa sikio moja wakisubiri kwenda kula; sisi tulikaa nayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba anaijua. Ilitoka kama uzi unaovutwa kutoka kwenye shuka. Pinhas alifunga daftari lake akaketi.

Basi tukafika pale Mungu anapoiahidi mifupa jinsi atakavyoiunda upya. Eliyahu akasoma. Nasi, kwa sauti moja, kwa furaha ya watu waliokwisha kujiamini kupita kiasi, tukasema: "Nami nitawafunika ngozi, na nitaleta nyama juu yenu, na nitawatia mishipa..."

"Ngozi?"

Sauti ilitoka nje. Ilikuwa imekauka, ina mikwaruzo. Wanawake wote tuligeukia madirishani.

Ng'ambo ya kinjia, ndani ya fremu ya dirisha, alisimama kaka yangu Khamus katika pajama zake za mistari, nywele zimesimama, ameshika kizingiti kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Ngozi kwanza? Ngozi kwanza, Zohra? Unaunda mtu au unajaza utumbo wa kondoo? Mishipa! Kwanza mishipa, halafu nyama, ndipo ngozi! Mtoto wa miaka minne anajua!"

"Tumechanganya kidogo," nikasema.

"Kidogo! Nyama juu ya ngozi! Mtu huyo ataketi wapi?"

Chini, Eliyahu alikuwa ametoka mahali pake akafika dirishani. Akapanua kifua. Sijawahi kumwona mtu mwenye raha kama ile.

"Maiti hana haki ya kusahihisha somo," akafoka kwa sauti yake ya basi. "Kama umekufa, Khamus, lala unyamaze. Kama u hai, shuka."

Kaka yangu aliinama juu ya kizingiti amwone vizuri. Tulisikia nyuki kwenye maua ya michungwa.

"Nishuke nikafanye nini? Baraka umeshaisema wewe. Somo ni lako."

"Somo ni langu, na silitoi," Eliyahu akasema. "Lakini sijui tafsiri. Na hawa mama zako wanajenga watu ndani nje."

Dirisha likafungwa. Tukangoja. Hakuna aliyeketi wala aliyekohoa, na Pinhas, ambaye hulalamika tukichelewa dakika mbili, hakutazama saa. Nilihesabu ngazi zake kichwani: tatu, nne, ile iliyovunjika, ya mwisho. Nilikuwa nimelishika bega la Rahel kwa nguvu, baadaye alinionyesha alama.

Aliingia na koti la Sabato juu ya pajama, kofia ya kawaida, kandambili ya Meisa mguu mmoja na yake mguu mwingine. Watu walimpisha. Alipanda ngazi mbili za mahali pa kusomea kwa shida, na Eliyahu akampa mkono, naye akaushika bila kumtazama.

"Rudia aya," akasema.

Eliyahu akarudia. Na kaka yangu akatafsiri, huku akiinua kidole kuelekea roshani kwa kila neno: mishipa, nyama, ngozi, na pumzi mwisho, mwisho kabisa. Basi ndivyo walivyokwenda, Baghdad ikisoma na Jerba ikitafsiri, na lahani zile mbili ziligongana kila mara, na hakuna aliyejali.

Walipofika pale makaburi yanapofunguliwa, sauti yake ilikatika. Nilijua anaona kaburi gani. Tukalishika neno kutoka juu, wanawake wote, taratibu, kwa mpangilio sahihi, tukalimaliza. Hakutukaripia. Aliitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamwambia Eliyahu, "Endelea, dereva, usiwaache abiria njiani."

Baada ya sala nilimwongoza nyumbani kwangu kwa sababu chakula kilikuwa kwangu. Alitembea polepole, kandambili zikipiga kila moja kwa mlio wake. Watu walimpa mikono njiani. Pinhas alimwambia ametufurahisha. Akamjibu kwamba hakuja kumfurahisha mtu.

Nilimpakulia msoki. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Huu si wa Meisa," akasema.

"Si wa Meisa."

"Shamari haitoshi."

"Inatosha."

"Haitoshi, Zohra."

Akakishika kijiko tena. Alikula sahani nzima, akaomba ya pili, nami nikamwacha ale kabla ya kumuuliza lililokuwa linanikereketa tangu asubuhi.

"Kaka, umelala siku nne. Daktari hakukuinua, mimi sikukuinua, Eliyahu alipiga kelele mpaka kuku wakaacha kutaga. Ngozi imekuinuaje?"

Alipangusa sahani kwa kipande cha mkate wa Pasaka, kikavunjika, akaokota vipande kimoja kimoja.

"Nilikuwa nataka kumuwahi," akasema. "Nilifikiri, Meisa hapendi kungoja peke yake. Nikilala kando yake mapema, siku hiyo tutaamka pamoja. Nikawa nimetulia kabisa. Halafu nawasikia nyinyi." Akanitazama kwa hasira ya kweli, hasira niliyokuwa nimeililia siku nne. "Nikasema, nikifa, watakaobaki kuiambia mifupa jinsi ya kujipanga ni hawa. Na Meisa wangu atafufuka ngozi ikiwa ndani."

Nilimsogezea kahawa.

"Kuanzia Jumatatu mtakuja kwangu, wote, na huyo dereva pia," akasema. "Aya kwa aya. Mpaka mjue." Akaonja kahawa. "Sukari nyingi mno hii."